Madam, Utakaa Mpaka Lini?

Kila Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) inapotangaza nafasi za kazi, vijana wa Turkana waliomaliza chuo kikuu hunipigia simu. Wengine ni wanafunzi wangu wa zamani, wengine ni watoto wa majirani hapa Lodwar. Wana digrii za sayansi, za uchumi, za maendeleo ya jamii. Wamezunguka ofisi za mashirika na za kaunti wakaambiwa warudi wiki ijayo, na sasa wanauliza: "Madam, nifanyeje niwe mwalimu?" Habari ya vyeti na usajili huwaeleza bila kuficha, maana ina utaratibu wake na ni haki yao kuujua. Nikishamaliza, nami huwauliza: unataka kufundisha, au unatafuta mahali pa kungojea kazi nyingine? Nauliza kwa sababu nimefundisha Lodwar na Kakuma, na nimeona mtoto anavyolipia gharama ya mwalimu aliyekuja kungojea.

Nilisomea Biolojia na Kemia. Nilipomaliza, mwaka 2014, Turkana ilikuwa imejaa matumaini. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar, mwaka 2012. Serikali ya kaunti ilikuwa changa, imezaliwa na uchaguzi wa 2013, na kila mwenye digrii alijiona tayari yuko ofisini. Sisi wa sayansi tulizitazamia maabara za mafuta. Kisha bei ya mafuta duniani ikaporomoka, kampuni zikapunguza watu, na wengi wetu tukabaki na vyeti ndani ya bahasha za kaki. Wakati huo mwalimu mkuu wa shule moja ya kutwa pembezoni mwa mji alimweleza mjomba wangu kwamba Kidato cha Kwanza hakina mwalimu wa Biolojia tangu muhula uanze. Nikaenda kumwona. Bodi ya shule ilikubali kunilipa kutokana na karo, na karo yenyewe ilitegemea mvua na bei ya mbuzi. Mwalimu mkuu alinipa sharti moja: nijiandikishe kusomea ualimu mara moja, kwa sababu Sheria ya TSC ya mwaka 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa, na mwenye digrii isiyo ya elimu hasajiliwi mpaka apate mafunzo.

Wiki za kwanza aliniweka nyuma ya darasa la mwalimu wa Kemia aliyekuwa pale miaka mingi, nitazame tu. Somo lilikuwa asidi na besi. Alikuwa ametwanga maua ya bougainvillea yaliyokuwa yakichanua kando ya ofisi, akayachuja, akawa na kipimo cha rangi bila kununua chochote. Mezani palikuwa na ndimu, maziwa ya mgando, majivu yaliyolowekwa na sabuni ya kufulia. Kabla ya kumimina hata tone, aliwataka wanafunzi wote waandike kila kitu kitageuka rangi gani na kwa nini. Akasubiri. Hakuna aliyeruhusiwa kujibu kwa mdomo mpaka kila mkono umeweka kalamu chini. Halafu akamwita mmoja aliyeandika kwamba maziwa ya mgando na majivu ni kitu kimoja kwa kuwa vyote huoshea vibuyu, akamwacha aeleze mpaka mwisho bila kumkatiza. Ndipo akamimina.

Kemia ile niliijua. Ningeweza kuandika milinganyo yake ubaoni bila kufungua kitabu. Lakini kumfanya mtoto ajifunge na jibu lake kwanza, kumngoja, kumsikiliza anapokosea ili ujue kosa limeanzia wapi, huo ulikuwa ujuzi mwingine ambao miaka minne ya chuo haikuwa imeugusa. Pale ndipo nilipoelewa kwamba digrii ilikuwa imenipa somo, na kwamba darasa ningelitafuta kwingine.

Mafunzo yanayomfaa mtu kama mimi ni Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ile ambayo kila mtu anaiita PGDE. Vyuo vikuu vingi vya Kenya vinaifundisha, na mwenye kazi anaweza kuisoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Niliisoma hivyo. Shule zikifungwa nilipanda basi la usiku kwenda Kitale, tukipita Lokichar na Kainuk kwa msafara palipokuwa na habari za wezi wa mifugo, nikashuka asubuhi kwenye baridi ya milimani na kuunganisha safari mpaka chuoni. Ada niliilipa kidogo kidogo. Darasani tulikuwa mchanganyiko: mhasibu aliyechoka na benki, kijana wa kompyuta, mtawa mmoja, na wengine kama mimi waliokwisha kushika chaki.

Sharti la kwanza la PGDE ni kwamba digrii yako iwe na masomo mawili yanayofundishwa shuleni, tena uwe umeyasoma kwa vipindi vya kutosha. Hapa wengi hukwama. Kijana mwenye digrii ya maendeleo ya jamii hushangaa kuambiwa kwamba hakuna somo la maendeleo ya jamii katika sekondari. TSC nayo hutazama nyuma zaidi, mpaka kwenye KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne: inataka wastani wa C+ na angalau C+ katika yale masomo mawili utakayofundisha. Ndiyo sababu huwaambia vijana watoe cheti chao cha Kidato cha Nne kabla ya kulipa hata shilingi ya ada. Nimewaona watu wakimaliza stashahada nzima ndipo wagundue kwamba gredi ya somo la pili haitoshi.

Yaliyomo ndani ya mafunzo ni saikolojia ya elimu, falsafa na historia ya elimu, sosholojia, mtaala, upimaji, na mbinu za kufundisha masomo yako mawili. Kuna watu huyadharau, wakisema ni nadharia tu. Mimi nayatetea. Somo la upimaji lilinifundisha kutunga mtihani unaopima ninachotaka kupima, si mtihani unaomnasa mtoto kwa Kiingereza chake. Saikolojia ilinieleza kwa nini mtoto aliyetembea alfajiri bila kula hawezi kushika mambo saba kwa mpigo, na kwa nini swali lililorudiwa baada ya siku tatu humsaidia kuliko maelezo marefu ya siku moja. Mbinu zilinifundisha kuandaa azimio la kazi la muhula, kisha andalio la kila somo, kisha kujaza rekodi ya kazi baada ya kipindi: nini kimefundishwa, nini kimebaki, nani hakuelewa. Rekodi hiyo ya kazi wengi huijaza kwa ajili ya mkaguzi. Kakuma ndiko nilikojua ni ya nani.

Halafu kuna mazoezi ya kufundisha ya muhula mzima, ambapo wahadhiri huja kukaa nyuma ya darasa lako na fomu mkononi. Nilifanyia mazoezi hayo Lodwar. Mada ilikuwa lishe ya wanyama, Kidato cha Kwanza, na kitabu kilikuwa na mchoro wa fuvu la kondoo. Niliwaomba wanafunzi waje na mafuvu ya mbuzi, ambayo hapa kwetu huyakosi: yako kando ya laga, yaani mto mkavu, yako nyuma ya machinjio, yako kwenye vichaka vya mathenge. Asubuhi ile meza yangu ilikuwa na mafuvu ya kila umri.

Tuliyapitisha mkono kwa mkono. Kila kundi lilitafuta meno ya mbele ya juu na kuyakosa. Likagusa mfupa mtupu mahali ambapo mbuzi hai ana ufizi mgumu, likapitisha kidole kwenye lile pengo kati ya meno ya mbele na magego, ambalo ulimi hulitumia kugeuza majani. Nikaandika fomula ya meno ubaoni: mbele juu sifuri, chini tatu, na kuendelea. Mvulana aliyelelewa kwenye malisho ya Loima akanyoosha mkono. Alikuwa ameyapanga mafuvu matatu mbele yake. "Madam, huyu ana meno mawili makubwa, amepita mwaka mmoja tu. Huyu ana manane, ni mtu mzima wa miaka minne hivi. Huyu meno yameisha. Sasa fomula ya huyu mzee ni ipi?"

Swali lile halikuwa kwenye andalio langu, na lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoandaa. Tulilifanyia kazi pamoja mpaka darasa likakubaliana kwamba fomula inaeleza meno ambayo mnyama wa aina ile huwa nayo akiwa amekamilika, na kwamba umri na ukame ni hadithi nyingine juu yake. Mvulana akaongeza kwamba mbuzi mwenye meno yaliyoisha ndiye wa kwanza kuchinjwa au kuuzwa kiangazi kikianza, kwa sababu hawezi tena kukata matawi makavu, na ukimwacha atakufa bila faida. Msichana wa Kalokol, ambaye kwao ni wavuvi wa ziwani na hakuwahi kuchunga, akamuuliza wanajuaje kiangazi kitakuwa kirefu. Kengele ikalia wakiwa katikati ya mjadala. Mhadhiri aliandika kwenye fomu yake kwamba sikumaliza hatua ya mwisho ya somo, na alikuwa na haki. Chini yake akaandika kwamba niendelee kuwaleta wazazi wa watoto hawa darasani kwa njia hiyo.

Nimelitaja darasa hilo kwa sababu linajibu jambo ambalo watu wa nje hulisema sana, kwamba watoto wa wafugaji hawapendi shule. Wanapenda kujua. Mtoto anayeweza kutaja umri wa mbuzi kwa kumfungua mdomo ana elimu ya viumbe ambayo mimi niliipata chuoni nikiwa na miaka ishirini. Kinachomshinda ni shule isiyomtambua, na zaidi ya hapo ni shule inayobadilisha walimu kila muhula.

Nilipohitimu niliomba usajili wa TSC. Vijana huniomba niwaandikie orodha, nami naiweka hapa: vyeti vyote na nakala zake, kuanzia KCSE hadi stashahada na matokeo yake, kitambulisho, nambari ya kodi ya KRA, picha, fomu ya afya ya GP 69 iliyojazwa na daktari, cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi, ambacho alama zake za vidole unaweza kuzitoa bila kwenda Nairobi, na ada ya usajili. Maombi hufanyika mtandaoni. Ukipata nambari ya TSC umekuwa mwalimu kisheria. Kuajiriwa ni foleni nyingine, na foleni hiyo inaweza kuchukua miaka. Wakati nikiwa kwenye foleni, shirika moja linalosimamia shule za sekondari katika kambi ya Kakuma lilitangaza kazi za mkataba. Mwaka 2018 nikafunga mizigo.

Kakuma iko kilomita 120 hivi kaskazini magharibi mwa Lodwar, kwenye barabara ya Lokichoggio. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongomani, Warundi na wengine. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa baadaye ili wakimbizi na wenyeji waishi na kusoma pamoja. Leo kambi na makazi hayo yana karibu watu laki tatu. Shule zote zinafuata mtaala wa Kenya na watoto wanafanya mitihani ya Kenya, pamoja na watoto wa Waturkana wanaokaa jirani.

Darasa langu la kwanza pale lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia moja, watatu watatu kwenye dawati, wengine wamesimama ukutani. Wapo waliokuwa na miaka kumi na mitano na wapo waliopita ishirini. Ubaoni niliandika herufi kubwa ili wa nyuma waone, na jaribio la kimeng'enya kwa kipande cha ini na haidrojeni peroksaidi nililifanya mara nyingi kwa zamu, kundi moja likija mbele huku mengine yakiandika, kwa sababu haikuwezekana wote waone povu likipanda kwa pamoja.

Juma la kwanza msichana wa Kidato cha Tatu alinifuata nje baada ya kipindi. "Madam, utakaa mpaka lini? Tuambie, tujue." Aliuliza bila ujeuri, kama mtu anayeulizia ratiba ya basi. Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. Akafungua daftari lake nyuma. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika majina ya walimu wa Biolojia waliopita tangu Kidato cha Kwanza, wanne, na mbele ya kila jina mada aliyoishia. Kwa orodha ile niliona kwamba usafirishaji katika mimea walikuwa wamefundishwa mara mbili, na utoaji wa taka mwilini haukuwa umeguswa kabisa. Kila mwalimu mpya alikuwa ameanzia pale alipodhani mwenzake ameishia. Hakuna aliyeacha rekodi ya kazi. Yule mtoto ndiye aliyekuwa ameitunza.

Kila ninapozungumza na mtu mwenye digrii anayefikiria ualimu, mimi hulikumbuka daftari lile. Mtoto aliyekimbia Bor au Bukavu ameshaachwa na watu wengi, na amejifunza kutowekeza moyo wake kwa mgeni. Anakupima kwanza. Ukiondoka katikati ya muhula kwa sababu umepata ofisi Nairobi, yeye hasemi kitu. Anaandika jina lako na mada uliyoishia, kisha anangoja mwingine. Nilimjibu msichana yule kwamba nitakaa mpaka wafanye KCSE. Ahadi hiyo niliitimiza, na kuitimiza kulikuwa shule yangu kubwa kuliko PGDE.

Walionisaidia kuitimiza walikuwa walimu wakimbizi. Kambini wanaitwa walimu wa insentivu, kwa kuwa wanachopewa hakiitwi mshahara. Wengi wana cheti cha Kidato cha Nne tu, walikipata palepale Kakuma, na wanashika madarasa makubwa kwa malipo ambayo ni sehemu ndogo ya tuliyolipwa sisi Wakenya kwa kazi ileile. Mwenzangu mmoja wa Hisabati, Mkongomani, alijua nyumba ya kila mwanafunzi wake. Mtoto asipofika siku mbili, jioni alikwenda kwao kwa baiskeli. Alinionyesha jinsi ya kuwagawa wanafunzi mia katika makundi yenye viongozi, jinsi ya kusahihisha daftari kumi kila siku badala ya kuangushiwa mia Ijumaa, jinsi ya kuwauliza watoto habari za vita bila kuwachimba. Hakuwa na digrii. Alikuwa mwalimu kamili. Baadhi ya walimu kama yeye walipata mafunzo kupitia mpango wa Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia ulioanza Kakuma mwaka 2016, wengine kupitia Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wanastahili zaidi ya hapo. Wanastahili njia iliyo wazi ya kusajiliwa na kulipwa kama walimu.

Mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa Machi kwa ajili ya korona. Zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, viti vya wasichana vilikuwa na mapengo. Baadhi walikuwa wameolewa, baadhi walikuwa na watoto wachanga. Ilibidi twende majumbani kuwaomba wazazi, na mlango ulifunguka pale tu ambapo mzazi alimjua mwalimu kwa sura. Palepale ukame ukaingia, misimu mitano ya mvua ikapita bila mvua ya maana, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na mifugo ikaisha. Wanafunzi wa Kiturkana waliokuwa wakija kwa miguu kutoka manyatta za jirani wakaanza kukosekana. Mzee mmoja aliniambia waziwazi: "Mama mwalimu, kijana wangu anakuja huko kwa sababu ya chakula cha mchana. Siku mtakapokosa chakula, msimtafute." Kwa hiyo tulipigania sufuria ya githeri kama tulivyopigania vitabu. Mwalimu aliyefika mwezi uliopita hawezi kupigana vita hivyo, kwa kuwa hajui mlango wa nani abishe.

Kwa nini walimu hawakai? Sababu zina mizizi mirefu. Wakoloni waliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa. Aliyepelekwa huku alipelekwa kuadhibiwa. Jomo Kenyatta mwenyewe alipotolewa gerezani Lokitaung mwaka 1959 aliwekwa Lodwar, akakaa mpaka 1961, na nyumba yake ingali hapa. Mawazo hayo hayakwisha na uhuru. Mpaka leo utasikia mtu wa bara akisema fulani "ametupwa Turkana". Ukimpokea mwalimu anayejiona ametupwa, kazi yake ya kwanza itakuwa kutafuta njia ya kurudi.

Nyingine ni sababu za mfukoni. Mwalimu wa bodi hulipwa karo inapopatikana. Mwaka 2023 TSC ilipowachukua wenye digrii kufundisha sekondari ya chini kama walimu wa mafunzo kazini, ilikuwa kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kwa fedha hizo mtu alitakiwa kupanga nyumba, kununua maji na kusafiri kilomita mia tatu kuiona familia. Kambini mikataba hufuata mfadhili, na mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipokatwa, walimu walipungua na watoto wakaongezeka kwa kila aliyebaki. Marupurupu ya mazingira magumu husaidia walioajiriwa na TSC. Hayawafikii wengine wote niliowataja, ambao ndio wanaoshikilia madarasa mengi. Simlaumu anayeondoka kwa njaa. Ninachotaka kiandikwe ni kwamba anayelipa bei ya kuondoka kwake ni mtoto aliyebaki.

TSC iliniajiri mwaka 2023 na kunileta Lodwar. Nilingoja mpaka darasa langu la mwisho kambini lilipokwisha kufanya mtihani, nikamwachia mwenzangu rekodi ya kazi ya kila mada, na majina ya wanafunzi wanaohitaji kuangaliwa. Yule msichana wa daftari alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu cha Kenya kwa ufadhili wa DAFI wa wakimbizi. Amesomea elimu, Biolojia na Kemia, na alipofanya mazoezi ya kufundisha aliomba apelekwe kambini. Alinipigia simu kuniuliza jambo moja tu: mada gani ya kuanza nayo. Nikamwambia asome kwanza rekodi ya kazi, na kama haipo awaulize wanafunzi.

Kwako kijana mwenye digrii unayesoma haya: kama umefika mwisho wa kutafuta kazi nyingine na umeamua kufundisha, hakuna aibu. Mimi niliingia kwa mlango huohuo. Lakini fanya mambo yafuatayo. Hakikisha masomo yako mawili na gredi zako za KCSE kabla ya kulipa ada. Soma PGDE kwa bidii, usiisome kama muhuri. Kabla ya kusaini barua ya shule, mwambie mwalimu mkuu ukweli kuhusu muda utakaokaa, na uwaambie wanafunzi pia, kwa sababu wana haki ya kujua. Ukilazimika kuondoka, ondoka mwisho wa mwaka, usiondoke katikati ya muhula. Acha rekodi ya kazi iliyojazwa kwa ukweli. Kama wewe ni mtoto wa Turkana, unajua mafuvu ya mbuzi yako wapi na unajua kubisha kwenye manyatta; una mtaji ambao mwalimu kutoka Nyeri au Kisii atachukua miaka kuupata. Na kama unatoka Nyeri au Kisii, karibu sana. Wapo waliotoka huko wakakaa, wakazeeka hapa, na nusu ya ofisi za Lodwar zimejaa wanafunzi wao.

Kwa TSC na kaunti: waajirini walimu wa bodi waliokwisha kuthibitisha kwamba wanakaa. Wapeni nyumba na maji kabla ya kuwapa hotuba. Walipieni PGDE wahitimu wa Turkana walio tayari kufundisha sayansi nyumbani kwao, kwa mkataba wa miaka. Shule ninayofundisha sasa haina mwalimu wa Fizikia, na Kidato cha Tatu wanafanya KCSE mwaka ujao.